Karatasi Sita za Wekulo

Umeme ulirudi saa tano kasorobo, na Wekulo akarudi nao.

Nabalayo alikaa wima mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa kanisani kutoa ushuhuda naye hana. Mwaka ule wa 1999 mvua zilikuwa zimekataa, mabwawa yamekauka, na Nairobi nzima iliishi kwa mgao wa umeme. Katika kampuni ya kusafirisha mizigo alikofanya kazi, kule Eneo la Viwanda, umeme ukikatika kila mtu alitoka nje kuota jua. Ukirudi, kila mtu alikimbilia mashine yake, akaandika jina lake na neno lake la siri ili mtambo mkuu umruhusu kuingia. Kazi ya Nabalayo ilikuwa kuhakikisha wote wameingia salama. Aliandika amri fupi, na orodha ikashuka. KITONGA, huyo alikuwa mkuu wake. NDUNGE, karani wa mapokezi. Majina matatu ya watu wa forodha. Jina lake mwenyewe. Na mwisho kabisa, WEKULO.

Wekulo alikuwa kaka yake. Walimzika kijijini kwao, Chwele, mwezi wa Januari, na sasa Novemba ilikuwa inaelekea katikati.

Mara ya kwanza alipoliona jina hilo alidhani ni masalio tu, kama harufu ya mtu inayobaki kwenye koti. Mara ya pili alizunguka ofisi zote akijifanya anatafuta kalamu, akahesabu. Mashine sita, watu sita, na jina la saba. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi? Yeye hata kuomba chumvi kwenye meza ya wageni kulimchukua dakika nzima. Kwa hiyo alinyamaza, na kwa jinsi iliyomwogopesha mwenyewe, akazoea. Orodha ikishuka alimsalimu kimoyomoyo: umeamkaje, kaka? Kisha alingoja kama dakika ishirini na kuandika amri tena. Wenzake wote walikuwa bado wamo. Wekulo alikuwa ameshaondoka.

Ni Wekulo aliyemtia katika kazi hii. Ndiye aliyemwambia aache ndoto za ualimu akasome kompyuta, ndiye aliyemketisha mezani nyumbani kwao mtaa wa Tena, akachora vijisanduku na mistari kati yake na kusema, "Huu ndio mtandao, Naba. Ni watu tu wanaosalimiana." Nabalayo alipomaliza stashahada yake chuoni mjini, kaka alikuwa tayari fundi wa mitandao wa kampuni hii, na alikuwa akikisomea cheti cha Novell, waliotengeneza ule mtambo mkuu. Hicho kilikuwa cheti cha mitihani saba, na mafundi wa siku zile walikitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja digrii. Alikuwa amepita sita. Kila alipopita mmoja, alitoka na karatasi yenye jina lake, namba yake na alama zake, akaja nayo nyumbani akiipepea kama bendera. Wa saba aliupangia Februari. Januari homa ya mapafu ikamchukua kwa siku tisa.

Baada ya maziko, siku ya kunyoa nywele, ukoo ulikusanyika uani kugawa vitu vya marehemu. Msimamizi alikuwa Mzee Wanyonyi, mdogo wa baba yao. Baba mwenyewe alikuwa amefariki wao wakiwa wadogo, na huyu ndiye waliyemwita papa. Koti lilikwenda kwa binamu. Redio ilikwenda kwa shangazi. Kisha Mzee Wanyonyi akatoa bahasha, akatandaza karatasi sita juu ya mkeka, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Hizi ni kazi ya kichwa," alisema. "Kijana wetu alijenga nyumba, akaifikisha kwenye linta. Nyumba ya ndugu haiachwi wazi mvua iinyeshee. Nabalayo amesoma kazi hiyo hiyo. Mayi, binti yangu, njoo."

Nabalayo alikwenda akapiga magoti.

"Sita hizi nakukabidhi. Zimelala, hazitaki jasho tena. Imebaki moja. Wewe fanya hiyo moja, cheti kije, mama yako akione kwa macho yake. Umesikia?"

Watu wote wa uani waliitikia kwa kuguna. Nabalayo alijua palepale kwamba jambo hilo haliwezekani. Mitihani ile mtu huenda na kitambulisho chake, na namba ya mtahiniwa ni ya mtu mmoja tu. Sita za Wekulo hazingeweza kumsaidia mwingine, kama vile mtu hawezi kuingia meza ya Bwana kwa ubatizo wa nduguye. Alifungua kinywa. Akaona uso wa mama yake, kichwa kimetoka kunyolewa na kung'aa kama cha mtoto, na juu ya uso huo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, kulikuwa na kitu kinachofanana na tumaini.

"Nimesikia, papa," alisema, akazipokea kwa mikono miwili.

Hilo ndilo kosa. Lilikuwa dogo siku ile, dogo kama kinundu ambacho mtu hukifunika kwa mkono wa shati. Ila miezi kumi si siku moja.

Nyumbani Tena mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na mgao wa umeme haukumsumbua. Karatasi sita alizitia katika plastiki, moja moja, akaziweka kwenye kabati ya vyombo. Pale ukutani, juu ya kochi, alikwisha kupigilia msumari wa kutundikia cheti.

"Bado moja tu," alikuwa akiwaambia akina mama wa kanisa walipokuja kupima nguo za kwaya. "Huyu ananimalizia ya kaka yake. Moja tu."

"Mungu ni mwema, Mama Wekulo," waliitikia. Mmoja wao, Beldina, mwanamke wa maneno mengi, aligeuka na kumtazama Nabalayo kuanzia kichwani. "Na mbona huyu msichana anakonda hivi kwa mtihani mmoja? Wangu ana minane na bado ananimalizia sukari!"

Walicheka. Nabalayo naye alicheka, akaenda jikoni, akasimama akitazama sufuria isiyo na kitu.

Jumatatu hiyo, dakika ishirini baada ya Wekulo kuja na kwenda, Bwana Kitonga alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa Machakos, mpole, mwenye tumbo na tai fupi isiyolifikia.

"Naba, keti. Habari njema. Wakubwa wamekubali tuunganishe Mombasa na Kampala moja kwa moja. Ruta za kuunganisha mitandao zinakuja Januari, na huu mtambo wetu mzee tunaupumzisha. Sasa nataka mtu mmoja asomee ruta. Cheti cha Cisco, wanaozitengeneza, kile kipya. Kampuni inagharamia mtihani mmoja, mtu mmoja. Nimeandika jina lako."

"Asante, Bwana Kitonga."

"Usinishukuru, sema ndiyo."

Nabalayo alitazama viatu vyake. "Na ule wa Novell?"

"Wa Novell?" Kitonga alishangaa kwa kweli. "Mtoto wangu, wa Novell ni mitihani saba kwa mtambo tunaoutoa. Kaka yako aliuchagua ulipokuwa na maana. Angekuwepo leo angekuwa wa kwanza kukimbilia huu mwingine. Nipe jibu Ijumaa. Na jambo jingine, safisha majina ya zamani kwenye mtambo. Kuna watu walioacha kazi, kuna marehemu. Yote yatoke kabla ya mwaka elfu mbili."

Alipotoka, Ndunge wa mapokezi alimdaka mlangoni. "Sasa, Naba! Nasikia unaenda kuwa mtu wa maruta. Usitusahau sisi wa kupokea simu."

"Bado sijasema ndiyo."

"Hujasema? Wee! Ningepewa mimi, ningekuwa nishasema ndiyo, nikaolewa, nikasema ndiyo tena."

Nabalayo alirudi chumbani kwake akafungua kitabu cha mwisho cha Wekulo, kile cha mtihani wa saba. Pembezoni mwa kurasa kaka alikuwa ameandika kwa penseli, na maandishi yale yalikuwa na desturi ya kujibu. Nabalayo akikwama kwenye aya, macho yake yaliangukia pembeni na kukuta, "Soma tena polepole," au, "Hapa hata mimi nilidanganywa." Siku hiyo alitafuta pembeni mwa kila ukurasa jibu la swali lake, na swali lenyewe lilikuwa: nikuache? Penseli haikusema kitu.

Ndipo lilipomjia wazo. Kama Wekulo anaingia, basi kuna mlango. Ndani ya jina lake, kwenye mtambo, kulikuwa na jalada lake la siri. Labda aliacha neno humo. Labda aliandika alichokusudia kufanya baada ya cheti, njia aliyoitaka. Angelisoma neno hilo tu, halafu angelifuta jina kama alivyoagizwa.

Jumanne alikaa kwenye mashine yake, mahali pa kuandika jina akaandika WEKULO. Mtambo ukamwuliza neno la siri.

Kukhu, bibi yao wa Chwele, alikuwa akisimulia jinsi watoto wa ukoo walivyopewa majina. Mtoto akilia mchana kutwa na titi halimtulizi, bibi humpakata na kuanza kumwitia wafu wa nyumba hiyo, mmoja mmoja, taratibu, akitazama kinywa cha mtoto. Lile jina linalomnyamazisha ndilo lake, kwa maana mwenye jina amekuja kulidai. Nabalayo mwenyewe alilia siku mbili, wakapita majina sita, mpaka walipofika kwa nyanya wa baba yake.

Kwa hiyo, bila kufikiri sana, Nabalayo alianza kumwitia kaka yake wafu. Aliandika KHISA, babu yao. Mtambo ukakataa. NABWILE, kukhu mwenyewe. Ukakataa. SITATI, ndugu wa babu. Ukakataa. Aliandika jina la shangazi aliyekufa akijifungua, jina ambalo nyumbani lilitajwa kwa nadra. Ukakataa. Mwisho aliandika jina la baba yao, akalipiga taratibu, herufi kwa herufi, kama anayebisha.

Kompyuta ikatoa mlio mfupi. Maneno yakatokea, akayasoma mara tatu. Mtu asiyejulikana amejaribu kuingia kwa jina hili. Jina limefungwa kwa siku arobaini.

Alikuwa amefundishwa jambo hili chuoni. Zaidi ya hapo, Wekulo mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo kwenye mtambo: makosa matano, mlango unafungwa. Mtambo hauitiwi wafu. Mtambo unahesabu. Alikuwa amekwenda kumwita kaka yake na badala yake amemfungia nje.

Jumatano umeme ulikatika saa mbili asubuhi, ukarudi saa nne. Nabalayo aliandika amri yake kabla hata kiti hakijapata joto. KITONGA. NDUNGE. Watatu wa forodha. Jina lake. Orodha ikaishia hapo, na chini yake pakabaki peusi.

Kisha, mahali fulani ndani ya jengo, kitu kikaanza kulia.

Kilikuwa kilio chembamba, cha kukatakata, kikinyamaza kwa pumzi mbili na kuanza upya. Ndunge alitoa kichwa mlangoni. "Mnasikia hiyo? Ni panya?"

"Panya gani analia kwa mpigo?" alisema Bwana Kitonga, akitoka ofisini na kalamu sikioni. "Inatoka nyuma. Stoo."

Nabalayo alitaka kusema wasiende. Aliwafuata kwenye ujia, Ndunge akigongagonga kicha cha funguo, mpaka kwenye stoo ya karatasi pale karibu na vyoo, ambayo haikufunguliwa ila mwisho wa mwaka. Kitonga alisukuma maboksi ya fomu za forodha. Nyuma yake kulikuwa na meza, na chini ya meza kompyuta nzee, imefunikwa gunia, taa yake ya kijani ikiwaka. Waya wake wa mtandao ulitoboa ukuta. Kilio kilitoka ndani yake. Juu yake kulikuwa na kipande cha katoni, na juu ya katoni, kwa kalamu nene, mwandiko ambao Nabalayo angeutambua hata gizani.

USIZIME. INANAKILI MAFAILI. IKILIA, NIITE. W.

"Haki ya Mungu," Ndunge alinong'ona, akarudi nyuma hatua mbili. "Niite? Tumwite wapi?"

Kitonga alichuchumaa kwa shida, akavuta gunia, akawasha kioo. Alisoma kwa muda. Alipoongea sauti yake ilikuwa nyingine.

"Aliiwekea jina lake na neno lake la siri humu ndani. Umeme ukirudi, yenyewe inaamka, inaingia kwa jina lake, inanakili kila kitu cha kampuni, inatoka. Ikishindwa kuingia, inalia." Alimgeukia Nabalayo. "Nakala za akiba. Mimi nilidhani unazifanya wewe."

"Mimi nilidhani ni wewe, Bwana Kitonga."

Walitazamana.

"Kwa hivyo miezi kumi," alisema Kitonga polepole, "ofisi hii imekuwa ikilindwa na marehemu." Akakuna shingo. "Na leo imeshindwa kwa nini? Imesema jina limefungwa. Nani amelifunga?"

Pale, kati ya maboksi, kilio kikiendelea, Nabalayo alisema. Alieleza majina matano. Alieleza tangu mara ya kwanza alipomwona kwenye orodha. Alitarajia kufokewa, na labda angeshukuru. Ndunge alianza kulia kimya kimya na kujifuta kwa kitambaa cha kichwa.

Kitonga hakufoka. "Jina naweza kulifungua sasa hivi," alisema. "Mimi nina mamlaka. Nikilifungua, kesho ataingia kama kawaida mpaka Januari tuzime yote. Au nalifuta, na kazi hii ifanywe kwa jina la mtu mwingine. Mimi sitachagua. Huyu ni wa kwenu."

Kilio kilikuwa kinamwingia Nabalayo kwenye meno. Akaona kwamba hakuna wa kuitwa, wala neno lililoachwa la kusoma.

"Andika langu," alisema.

Alilibadilisha yeye mwenyewe. Yalikuwa maneno mawili tu katika mstari mmoja. Alifuta W, E, K, na zilizobaki, akaandika jina lake na neno lake la siri, akaizima mashine na kuiwasha. Haikulia tena. Kitonga alikwenda kulifuta lile jingine, akarudi akasema, "Tayari," kwa sauti ya mtu aliyeteremsha jeneza upande wake wa kamba.

Alifikiri sasa atapumua. Kesho yake, Alhamisi, umeme ulikatika na kurudi saa saba mchana. Ndunge alikuwa amekwenda kula. Nabalayo aliandika amri, orodha ikashuka. Jina lake lilikuwepo juu, la mashine aliyoketi mbele yake. Na mwisho kabisa, mahali pale pale pa kaka yake, lilikuwepo tena. NABALAYO.

Alilitazama. Alijua ni mashine ya stoo. Alijua hivyo kama anavyojua tarehe, na bado alisogeza kiti nyuma. Lilikuwa likifanya kazi yake bila yeye. Lingeingia na kutoka awepo asiwepo, awe mgonjwa, awe Chwele amefunikwa udongo, na siku moja msichana mwingine angelisalimu kwa siri na kukonda. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kuishi mahali pa mfu: anaandika jina lake mara moja, kwa upendo, halafu ananyamaza.

Aliomba ruhusa akaondoka saa tisa.

Mama yake alikuwa kwenye cherehani, miguu ikipiga. Nabalayo alisimama mlangoni na mkoba begani. Alijua asipoanza akiwa amesimama hataanza.

"Mama, zile sita hazinifai kitu."

Miguu iliendelea kidogo, ikasimama. "Zipi?"

"Karatasi za Wekulo. Papa alinikabidhi, lakini mitihani hairithiwi. Ni ya mtu na kitambulisho chake. Nikitaka cheti kile inabidi nianze wa kwanza, nifanye yote saba. Sijabakisha mmoja, mama. Sijaanza hata mmoja."

Mama hakugeuka. Alikuwa ameshika kola ya sare, sindano ikiwa imezama katikati yake.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu siku ile, kwenye mkeka."

"Ukapiga magoti, ukapokea."

"Nilikutazama, nikashindwa."

"Nimesema kanisani," mama alisema. Sasa alikuwa amegeuka, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Nimesema kwa Beldina, nimesema kwa mchungaji. Kila nikikanyaga hii cherehani najiambia bado moja, bado moja, kijana wangu hajamaliza, bado yuko kazini. Miezi kumi umeniacha nimngoje mtu!"

Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Mama alimtazama hivyo, akaondoa mguu kwenye cherehani, akajifunga leso.

"Twende kwenye simu."

"Kumpigia nani?"

"Aliyegawa ndiye wa kurudishiwa. Ulipokea mbele ya watu. Hutaenda kuongea na mama yako jikoni kama mwizi wa sukari, yaishe. Utamwambia mwenyewe."

Kibanda cha simu kilikuwa karibu na maduka. Walipiga kwa mwenye duka pale Chwele, wakangoja robo saa mtoto wa duka atumwe kwa Mzee Wanyonyi, wakapiga tena. Sauti ya papa ilikuja na mvumo mwingi. Mama aliisalimu, akauliza habari za ng'ombe, akampa Nabalayo mkono wa simu, naye akabaki ameegemeza sikio karibu.

Nabalayo alisema yote, hata habari za mtihani mwingine wa ofisini. Hakuwahi kumwambia mzee huyo sentensi tatu mfululizo maishani mwake. Alipomaliza kulikuwa na mvumo tu, akadhani simu imekatika.

"Papa?"

"Nipo." Alikohoa. "Kwa hivyo tuligawa kitu ambacho hakikuwa mali."

"Ndiyo, papa. Nisamehe."

"Na wewe ukanyamaza mzee akikosea."

"Ndiyo, papa."

"Hmm." Mvumo tena. "Nimegawa vitu vya watu wengi, mayi. Ng'ombe, mashamba, hata meno ya bandia niliwahi kuulizwa. Sijaona kitu kinachokataa kushikwa na wa pili. Kumbe kuna vitu mtu huenda navyo." Nabalayo alimsikia akivuta pumzi. "Basi ni zake. Alifanya sita. Msiseme saba. Na usimalizie mtu tena, jenga yako. Mpe mama yako."

Mama alipokea simu, akasikiliza. Aliirudisha mahali pake. Kisha akaweka mkono kwenye kioo cha kibanda na kulia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya maziko. Watu waliokuwa wamepanga foleni waligeuza nyuso, mwanamume mmoja akavua kofia.

Walirudi taratibu. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa ya Tena. Walipopita duka la mwisho mama aliuliza.

"Huo mwingine wanaokutakia ofisini ni wa nini?"

"Wa ruta, mama. Ni mashine inayojua njia. Ikipata ujumbe wa Mombasa, au wa Kampala, yenyewe inajua iupitishe wapi."

"Na njia ikifa?"

"Inatafuta nyingine."

"Na nyingine isipokuwepo?"

"Basi inamrudishia jibu aliyetuma. Inamwambia, huyo unayemtaka hafikiki."

Mama alisimama. "Inamwambia hivyo? Haimwachi akingoja?"

"Haimwachi."

Walitembea tena hatua chache. Mama alimshika mkono, kiganja chake kigumu kwa miaka ya mkasi.

"Basi kesho waambie ni hiyo," alisema.